Pikipiki Inalia: Kweli na Si Kweli Kuhusu Klachi na Cheni kwenye Milima ya Kamachumu

Ukifika kijiwe chochote cha bodaboda Kamachumu ukasema pikipiki yako inalia, utapewa majibu kabla hujazima injini. Mmoja atasema ni klachi. Wa pili atasema ni taimingi cheni. Wa tatu atakwambia gia zimekwisha, na kwamba anamfahamu fundi Muleba mjini anayeweza kuifungua leo hii. Wote wanasema kwa nia njema, na kila mmoja amewahi kuona pikipiki iliyolia namna hiyo ikapona kwa dawa anayoitaja. Lakini dereva akitii jibu la kwanza, injini inafunguliwa, chombo kinalala gereji, hesabu ya kila siku ya tajiri mwenye pikipiki haiendi, na kesho yake mlio uko palepale kwa sababu ulikuwa wa raba za gurudumu la nyuma.

Kamachumu si mahali pa kubahatisha. Kutoka Muhutwe barabara inapanda ukingo wa mlima hadi kwenye uwanda wa juu, mamia ya mita juu ya Ziwa Viktoria, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pikipiki inayopanda hapo imebeba mgonjwa anayewahi Hospitali ya Ndolage, au magunia ya kahawa yanayokwenda chama cha msingi, au mikungu ya ndizi ya soko. Mvua za masika na vuli hugeuza udongo mwekundu wa njia za vijijini kuwa tope linaloganda kwenye cheni. Kiangazi kikifika, udongo uleule unakuwa vumbi linaloingia kila pingili. Klachi na cheni za huku zinafanya kazi ngumu, na zikianza kulalamika zinastahili kusikilizwa vizuri.

Hoja ya makala hii ni moja: usianze kwa kuuliza mlio unatoka wapi. Anza kwa kuuliza unatokea lini. Ili swali hilo likusaidie, shika kwanza njia ambayo nguvu inapita. Injini inazungusha gia inayobeba klachi. Klachi inaipeleka nguvu kwenye shafti ya kwanza ya gia, na gia zinaipeleka kwenye spoketi ndogo ya mbele. Cheni inaivuta hadi spoketi kubwa ya nyuma, spoketi inasukuma raba zilizo ndani ya habu, na raba zinasukuma gurudumu. Kila kituo katika njia hiyo kina wakati wake wa kulia.

Haya ndiyo maneno yanayosemwa sana vijiweni, na ukweli wake.

1. "Fundi hodari akisikia mlio mara moja tu, anajua kilichoharibika."

SI KWELI.

Chuma husafirisha sauti. Beringi iliyochakaa kwenye gurudumu la nyuma inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya tanki, na spoketi ndogo ikilia, abiria aliyekaa nyuma ataapa kwamba ni injini. Sikio hukosea mahali kwa urahisi, lakini wakati hulikamata vizuri. Kwa hiyo fundi hodari huanza na maswali, na majibu yake unaweza kuyatafuta mwenyewe bila spana:

- Pikipiki ikiwa imesimama kwenye nyutro, mlio upo? Unaongezeka ukipiga resi?
- Ukibana mkono wa klachi, mlio unabadilika?
- Ukiwa kwenye tambarare, ukabana klachi na kuiacha pikipiki itembee yenyewe, mlio unaendelea kufuata mwendo wa magurudumu?
- Unatokea unapoongeza mafuta, unapoyaachia, au muda wote?

Mlio uliopo pikipiki ikiwa imesimama unakuelekeza kwenye injini, klachi au shafti ya kwanza ya gia. Mlio unaofuata mwendo wa gurudumu hata klachi ikiwa imebanwa unakuelekeza kwenye cheni, spoketi, beringi za gurudumu au breki. Mshindo unaotokea pale tu unapoongeza au kuachia mafuta unakwambia kuna nafasi mahali fulani, kitu kimoja kinasafiri kidogo kabla ya kukigonga kingine.

2. "Mlio ukipotea ukibana klachi, basi klachi ndiyo mbovu."

NUSU KWELI.

Klachi ya Boxer, TVS na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria huku ni ya pleti nyingi zinazoogelea ndani ya oili ya injini. Kuna kikombe cha nje kinachozungushwa na injini muda wote, na kitovu cha ndani kilichokaa kwenye shafti ya gia. Kati yake pleti za msuguano na pleti za chuma zimepangwa kwa kupokezana, zikibanwa na springi. Ukiachia mkono wa klachi, vyote vinazunguka pamoja, na shafti ya kwanza ya gia inazunguka hata ukiwa kwenye nyutro. Ukibana, springi zinaachia, na shafti hiyo inapunguza mwendo au inasimama.

Kwa hiyo mlio unaopotea ukibana klachi unaweza kuwa wa klachi, lakini unaweza pia kuwa wa beringi ya shafti ya gia ambayo imepumzishwa tu. Mngurumo laini wa mfululizo unaelekea kwenye beringi. Kelele ya kugongagonga inaelekea kwenye kikombe cha klachi kilicholegea springi zake za ndani, au ambacho kuta zake zimechimbika mahali pleti zinapokaa.

Mlio unaoanza pale tu unapobana una maana nyingine: sehemu inayosukuma pleti ziachane, pamoja na beringi yake ndogo, imechoka au imekauka. Na usipobadilika kabisa, ubane usibane, iache klachi. Angalia tapeti, taimingi cheni au injini yenyewe.

3. "Kila 'cha-cha-cha' ya injini ni taimingi cheni."

SI KWELI.

Injini nyingine hazina taimingi cheni, yaani cheni ya kuendesha valvu, kabisa. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, pikipiki iliyosanifiwa kwa ajili ya nchi ambako chombo hubebeshwa mizigo mizito na matengenezo huchelewa. Wahandisi wake waliondoa cheni hiyo na kuweka fito za kusukuma valvu. Viwanda vingi vya China vimeiga injini hiyo, na pikipiki zenye injini za aina hiyo zimejaa Tanzania. Ukiwa na pikipiki kama hiyo na mtu akakwambia ununue taimingi cheni, anakuuzia kifaa ambacho injini yako haina mahali pa kukiweka.

Boxer na TVS HLX zina taimingi cheni, na ndiyo, huchakaa. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu pima nafasi ya tapeti za valvu injini ikiwa baridi, kisha angalia oili. Oili ikipungua, sehemu nyingi za juu huanza kugongana, na kelele yake hufanana na ya cheni.

4. "Bisibisi inaweza kukusaidia kusikiliza injini."

KWELI.

Chukua bisibisi ndefu. Weka ncha yake kwenye kava ya klachi, na mpini wake uuegemeze kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Kisha hamia kwenye silinda, halafu upande wa spoketi ndogo. Pale mlio unapokuwa mkali zaidi ndipo karibu na chanzo. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda klachi iko upande wa kulia, na cheni na spoketi ziko kushoto. Fanya hivyo pikipiki ikiwa imesimama imara kwenye stendi kubwa, nyutro, na usiikaribishe bisibisi, nguo wala mkono kwenye cheni au gurudumu linalozunguka.

5. "Klachi ikianza kuisha, lazima utaisikia ikilia."

SI KWELI, na hapa ndipo madereva wa mlimani wanapoumia zaidi.

Pleti zinazoteleza hufanya hivyo kimyakimya. Hakuna chuma kinachogonga chuma. Kinachosikika ni injini kupiga kelele ya mwendo mkubwa huku pikipiki ikipanda taratibu. Dereva anadhani injini imekosa nguvu, anamwambia fundi asafishe kabureta au abadilishe plagi, na wiki inapita. Wakati huo pleti zinaungua, oili inabadilika rangi na kuanza kunuka kama kitu kilichoungua.

Kipimo chake ni rahisi. Kwenye tambarare iliyo wazi, ukiwa gia namba 3 au 4 kwa mwendo wa wastani, ongeza mafuta kwa nguvu. Injini ikipaa na mwendo usifuate, klachi inateleza. Ukitaka uthibitisho wa pili, angalia kama tatizo linazidi ukiwa na abiria kwenye mpando na linapungua ukishuka peke yako.

Kabla ya kununua pleti, shika waya wa klachi. Mkono wa klachi unapaswa kuwa na uhuru kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi ndogo uhuru huo ni milimita 2 hadi 3 pale mkono unapokutana na kishikilio chake. Waya uliokazwa bila uhuru wowote unakuwa umeibana klachi nusu muda wote, hata wewe ukiwa umeiachia. Kurekebisha waya ni kazi ya dakika chache, na wengi hubadilisha pleti nzima ambazo kosa lao lilikuwa nati moja ya waya.

Halafu kuna tabia. Dereva anayesubiri abiria kwenye mpando akiizuia pikipiki kwa nusu klachi anaziunguza pleti akiwa hajaenda popote. Mahali pa kuizuia pikipiki ni breki. Na sheria inayokutaka ubebe abiria mmoja inailinda klachi pia: mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, kwenye mpando wa Muhutwe unailazimisha ibebe mzigo ambao haikusanifiwa kuubeba.

6. "Oili ni oili, mradi iwe mpya."

SI KWELI.

Oili ya pikipiki hizi inalainisha injini, inalainisha gia na wakati huohuo inaogesha klachi. Inapaswa kupunguza msuguano kwenye chuma lakini iuache wa kutosha kwenye pleti. Ndiyo maana Japani ilitoa mwaka 1998 kiwango maalumu cha oili za pikipiki, kinachoitwa JASO T 903. Kopo lenye alama ya JASO MA au MA2 limetengenezwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili. Lenye alama ya MB lina msuguano mdogo zaidi, nalo ni la skuta ambazo klachi yake haigusi oili ya injini. Oili nyepesi za magari madogo zinazosifiwa kwa kuokoa mafuta mara nyingi zina viungo vya kuteleza ambavyo pleti za pikipiki haziviwezi.

Kwa hiyo mlio au utelezi ulioanza siku chache baada ya kubadilisha oili una swali lake: uliweka oili gani? Uzito unaotakiwa umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na si lazima ufanane na wa jirani yako. Omba kuona kopo likifunguliwa mbele yako.

7. "Mshindo wa 'ngo!' ukiingiza namba 1 ni dalili kwamba gia zinakufa."

NUSU KWELI.

Asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, pleti hushikana. Ukibana klachi, shafti ya gia inaendelea kuzungushwa kidogo, na unapoingiza namba 1 meno yanayozunguka yanakutana na yaliyosimama. Mshindo mdogo wa mara ya kwanza ni wa kawaida. Unaweza kuupunguza: kabla ya kuwasha, ingiza gia, bana klachi, isukume pikipiki mbele na nyuma kidogo mpaka pleti ziachane.

Mshindo unaoendelea injini ikiwa imepata moto ndio wa kushughulikia. Mara nyingi klachi haiachii vizuri kwa sababu waya umelegea mno, au injini imewekewa mwendo mkubwa hata usipoongeza mafuta. Dalili yake ya pili ni pikipiki kutaka kusogea ukiwa umebana klachi, au nyutro kukataa kuingia ukiwa umesimama. Rekebisha hayo mawili kwanza. Yakishindwa, pleti za chuma huenda zimepinda kwa joto. Gia zenyewe ni za mwisho kushukiwa, na dalili yake kubwa ni gia kuruka yenyewe ukiwa na mzigo.

8. "Cheni ikipiga kelele, ikaze."

NUSU KWELI, na inaweza kukuongezea hasara.

Cheni iliyolegea hupiga mkono wa chuma unaobeba gurudumu, au kava yake, hasa kwenye matuta na unapoachia mafuta. Hiyo ikazwe. Lakini cheni iliyokazwa mno nayo hulia, sauti nyembamba ya 'wiii' inayopanda na mwendo. Ukiikaza tena unazivuta beringi za shafti ya gia na za gurudumu mpaka zife. Na wakati mwingine kinacholia ni kava iliyobonyea ikagusana na cheni nzima.

Kinachosahaulika ni mzigo. Abiria akikaa, gurudumu la nyuma linapanda, na umbali kati ya spoketi mbili unaongezeka mpaka pale spoketi ndogo, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyoonekana sawasawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imevutika kama waya ukipakia gunia la kahawa. Legezo linalotakiwa katikati ya cheni ya chini mara nyingi ni milimita 20 hadi 30, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, tafuta mahali cheni inapobana zaidi na upimie hapo. Kisha mwombe mtu mzito akae, na uhakikishe bado kuna legezo. Linganisha alama za pande zote mbili za ekseli ili gurudumu lisikae upande, kaza nati, na uangalie upya breki ya nyuma, kwa kuwa gurudumu limesogea.

Mdundo wa mlio nao ni ushahidi. Gurudumu la inchi 17 au 18 linasafiri chini kidogo ya mita 2 kila linapozunguka, kwa hiyo kwenye kilomita 20 kwa saa linazunguka karibu mara 3 kwa sekunde. Mdundo wa mara 3 kwa sekunde unatoka kwenye gurudumu, spoketi kubwa au ngoma ya breki. Cheni yenye pingili zaidi ya mia moja inahitaji karibu mizunguko 3 ya gurudumu kumaliza mzunguko wake mmoja. Kwa hiyo 'tak' moja kila sekunde, kwa mwendo huohuo, inakuambia utafute pingili moja iliyokauka na kukataa kupinda.

9. "Cheni imevutika, ikate pingili uendelee nayo."

SI KWELI.

Chuma cha cheni hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na bushi zilizo ndani ya kila pingili. Kila moja inapoteza kidogo sana, na zikijumlishwa cheni nzima inarefuka. Ukikata pingili unapata cheni fupi yenye pini zilezile zilizolika, ambazo nafasi zake hazilingani tena na meno ya spoketi. Hapo ndipo cheni huanza kupanda juu ya meno na kuruka kwa kishindo kwenye mpando.

Kipimo chake kinawezekana kwa rula ya shule. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinatumia cheni yenye namba 428, na namba hiyo imechapwa kwenye bamba za pingili. Umbali kati ya pini mbili zinazofuatana za cheni hiyo ni milimita 12.7. Ivute cheni inyooke bila kulegea, hesabu pini 21, upime kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Cheni mpya inasoma milimita 254. Ikikaribia 259, imemaliza kazi yake.

Angalia pia meno ya spoketi. Yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, badilisha seti nzima: cheni, spoketi ndogo na spoketi kubwa. Cheni mpya juu ya meno ya zamani itafanana nayo kwa uchakavu baada ya muda mfupi. Unapofunga, ile klipu ndogo ya kiungo iwe na upande uliofungwa ukitazama inakoelekea cheni, na mdomo wake uwe nyuma. Klipu iliyogeuzwa inaweza kung'oka. Cheni ikikatika kwenye mteremko inaweza kujikunja na kulikamata gurudumu la nyuma au kuvunja kava ya injini.

10. "Oili chafu ya injini inatosha kwa cheni."

SI KWELI.

Oili iliyotolewa kwenye injini imebeba masizi na vumbi la chuma. Ukiimimina kwenye cheni iliyojaa udongo wa Kamachumu, unatengeneza uji unaosaga pini. Grisi nzito iliyopakwa juu nayo haifiki ndani, na inakusanya vumbi. Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe, kisha weka matone ya oili safi ya gia, SAE 80 au 90, upande wa ndani wa cheni ya chini huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Ifanye kazi hiyo jioni cheni ikiwa bado ina joto la safari ili oili ipenye usiku. Wakati wa masika, fanya hivyo mara nyingi zaidi, kwa kuwa maji huondoa kilainishi na kuacha kutu. Mlio mkavu wa 'kwi-kwi' unaopotea baada ya kazi hii ulikuwa njaa ya oili tu.

11. "Mshindo ukiachia na kuongeza mafuta unatoka ndani ya gia."

MARA NYINGI SI KWELI.

Anza nyuma. Ndani ya habu kuna raba zinazopokea kishindo cha injini kabla hakijafika kwenye gurudumu. Zikisagika, spoketi kubwa inacheza, na kila unapogeuza mkono wa mafuta unasikia 'ngo!'. Zima injini, ingiza gia, shika gurudumu la nyuma ulizungushe mbele na nyuma. Ukiona gurudumu linasafiri huku spoketi imesimama, umepata jibu bila kufungua chochote. Wengine hujaza vipande vya tyubu mahali pa raba. Hilo linaweza kukufikisha nyumbani, lakini vipande hivyo haviwi na umbo sawa, na spoketi inaanza kukaa upande. Raba mpya ni nafuu kuliko cheni na spoketi zitakazoliwa baadaye.

Kisha shika gurudumu juu na chini, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza kwa 'ko-ko', ni beringi za gurudumu au bushi za mkono wa nyuma. Jambo hilo halisubiri kesho.

12. "Kushuka mlima kwa nyutro kunapumzisha klachi na gia."

SI KWELI, na ni hatari kwa uhai.

Ukiwa kwenye gia na umeachia klachi kabisa, pleti zimebanana na hazitelezi, kwa hiyo hazilii wala haziliki. Injini inaizuia pikipiki isikimbie. Ukiweka nyutro, mzigo wote unaangukia breki. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za ngoma, ambazo zikipata moto kwenye mteremko mrefu hupoteza nguvu, na abiria wako hana njia ya kujua mpaka kona ifike. Shuka kwa gia uliyopandia, au karibu na hiyo. Ukisikia mvumo wa injini ukipanda wakati unashuka, huo ni mlio wa injini inayokusaidia kuzuia. Usiuogope.

13. "Ushauri wa klachi ni uleule kwa kila chombo."

SI KWELI.

Skuta zisizo na gia hutumia mkanda wa mpira unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na klachi kavu inayojibana yenyewe kwa mzunguko. Kwenye skuta hizo mlio wa 'kwi' unaweza kumaanisha mkanda umelowa au umechakaa. Kwenye Boxer hakuna mkanda huo. Ukipata ushauri kwenye simu, hakikisha kwanza unahusu chombo chenye klachi kama yako.

Kabla hujakabidhi pikipiki

Fuata mpangilio huu, kuanzia kisichogharimu kitu:

1. Jibu maswali manne ya mwanzo, na uyakumbuke.
2. Pima uhuru wa waya wa klachi.
3. Angalia kiwango cha oili, rangi, harufu na aina yake.
4. Safisha cheni, ipime urefu na legezo, kagua klipu na meno ya spoketi.
5. Tikisa gurudumu la nyuma, kagua raba, beringi na nati.
6. Sikiliza kwa bisibisi.

Ni baada ya hapo tu ndipo kava ya klachi ifunguliwe. Hata hiyo ni kazi ya upande mmoja wa injini, kava, gasketi na oili. Kuzifikia gia ni jambo jingine: kwenye injini hizi lazima injini ishushwe na kupasuliwa katikati. Tofauti ya gharama kati ya kazi hizo mbili ni kubwa, na dereva anayelipa hesabu kila jioni ana haki ya kujua anaingia ipi.

Kwa hiyo, ndugu dereva, fundi akitaka kufungua injini, muulize kwa heshima ni kipimo gani kilichomwonyesha kwamba tatizo liko ndani. Mwombe akuonyeshe kipimo hicho ukiwepo, na akurudishie kifaa cha zamani ukione kilivyolika. Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika, kwa kuwa maswali hayo ndiyo anayojiuliza mwenyewe. Na ukifika kwake ukasema, "Inalia nikiachia mafuta, haibadiliki nikibana klachi, na spoketi inacheza," umemfanyia nusu ya kazi, na pesa ya nusu hiyo inabaki kulisha nyumba yako.